Mnamtembelea nani huko mlimani?

Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi Juni 2024, safari ya asubuhi ya Jumamosi imepata abiria wa aina yake. Wamevaa raba, wamebeba mabegi mgongoni, chupa za maji zinaning'inia ubavuni, na mmoja wao lazima awe na spika ndogo ambayo hakuna aliyemwomba aje nayo. Hawaendi msibani wala harusini, hawana shamba huko wala mgonjwa wa kumjulia hali. Wanakwenda kupanda milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, wafike Morningside, pale njiani, au wakaze mwendo hadi kileleni Lupanga, mita 2,138, kisha warudi Dar wamechoka na wamefurahi. Wenyewe wanaita haikingi, kutoka Kiingereza "hiking". Nairobi walitutangulia: huko vilima vya Ngong na kreta ya Longonot vimekuwa uwanja wa nyumbani wa vikundi vya wikiendi kwa miaka kadhaa sasa.

Picha za kikundi kama hicho zikirushwa mtandaoni, maoni chini yake hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza linacheka: watu wazima wanalipa nauli ili wakachoke, wakati bibi zao wamechoka bure maisha yao yote. Ni uzungu, ni kujionyesha, ni kukosa kazi ya kufanya. Fungu la pili linatetea kwa lugha ya daktari na ya watu wa utalii: sukari inashuka, presha inatulia, kitambi kinaondoka, utalii wa ndani unakua. Naona wote wamepita pembeni. Wanaocheka wamekosea historia, na wanaotetea wanatetea kitu kidogo kuliko kilichopo. Sisi tunaozungumza Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa sababu neno letu la kutembea lina kazi mbili. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea ni kwenda kwa watu. Anayesema "jana tulikwenda kutembea kwa shangazi" huenda alipanda daladala tangu mlangoni kwake hadi mlangoni kwa shangazi, na Kiswahili chake hakina kosa. Hoja yangu ni kwamba haikingi inapata maana pale kazi hizo mbili zinapokutana, miguu inapokupeleka kwenye nchi ya wenyewe ukiwa mgeni, kwa mwendo unaoacha nafasi ya salamu. Faida nyingine, hata zile za kiafya, zinakuja nyuma ya hilo.

Neno lenyewe nilifundishwa upya njiani. Mara yangu ya kwanza kwenda Morningside tulikutana na bibi mmoja anashuka, tenga la ndizi kichwani juu ya ngata, miguuni kandambili, kwenye utelezi ambao sisi tulikuwa tunaupapasa kwa fimbo. Tukampisha, tukamwamkia. Baada ya marahaba akauliza tunakwenda wapi. "Tunatembea tu, bibi." Akatuangalia mmoja mmoja. "Mnamtembelea nani?" Hatukuwa na jibu. Kijana mmoja wetu akajitutumua: "Mlima." Bibi akacheka mpaka akalazimika kulishika tenga, akaendelea kushuka.

Kicheko hicho kina mantiki, na anayetaka kuitetea haikingi aanze kwa kukiheshimu. Katika miji yetu kwenda kwa miguu ni tangazo la hali ya mfuko. Nairobi, zaidi ya theluthi ya safari za kila siku hufanywa kwa miguu, na wengi wa wanaozifanya wangepanda gari kama nauli ingekuwepo. Dar hali haiko mbali na hiyo. Simama barabara ya Morogoro saa kumi na mbili asubuhi uone wanaoingia Kariakoo kwa miguu. Mtu akipata kazi, kitu cha kwanza anachokimbia ni lile vumbi. Tumelelewa na masimulizi ya wazazi waliokwenda shule peku kilomita nyingi, na masimulizi hayo siku zote yalimalizika kwa ahadi kwamba sisi hatutatembea hivyo. Sasa kijana wa benki anayelipa ili atembee anaonekana kama mtu aliyekirudisha dukani kile wazee wake walichokinunua kwa jasho. Lakini waulize wazee wenyewe kilichowachosha. Watakutajia mzigo, mvua, njaa, na viboko vya kuchelewa vilivyokuwa vinawasubiri getini. Miguu yenyewe ni wachache wanaoilaumu. Anayetembea kwa lazima hana macho ya kuangalia kilima. Macho yake yako kwenye saa. Kilichobadilika kwa mjukuu ni hiari, na hiari ni kitu kikubwa, kiasi kwamba baadaye nitalazimika kuuliza ni nani aliyenayo na nani hana.

Kabla ya hapo, tuiondoe njiani hoja iliyo nyepesi kuliko zote, ile ya uzungu. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe, huko Tabora, kwenda pwani na pembe za ndovu begani, mwendo wa miezi, kisha wakarudi. Ilikuwa biashara, na ilikuwa kazi ngumu. Mzigo wa frasila mbili, kama kilo 32, si mchezo. Hata hivyo biashara haikumaliza habari yote. Kijana aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa mwanamume kamili, hakuwa na la kusimulia mbele ya wenzake. Mwendo wenyewe ulikuwa chuo, na mtu alirudi na shahada. Tusogee karne moja. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana katika sehemu mbalimbali za nchi walifanya matembezi ya kuliunga mkono, na mwezi Oktoba Mwalimu Nyerere naye akatoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akatumia siku nane. Rais wa nchi hakukosa gari. Alijua kwamba watu waliosimama kando ya barabara wakamwona ana vumbi hadi magotini wangelisikia Azimio kwa namna ambayo redio isingeweza. Miaka sita nyuma yake, usiku wa Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro na bendera na mwenge. Desemba 1963 Wakenya nao wakampandisha Kisoi Munyao kwenye Mlima Kenya na bendera yao. Nchi mbili changa, usiku zilipokuwa na mambo chungu nzima ya kushughulikia, zote zikaona ni lazima mtu apande. Hayo sijasikia mtu akiyaita uzungu.

Na huko Uzunguni kwenyewe habari si ile tunayodhani. Aprili 1932 mamia ya vijana kutoka Manchester na viunga vyake, wengi wao wafanyakazi, walipanda Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungwa ili mabwana wenye ardhi wapate kuwinda ndege. Walinzi wakawazuia, wakasukumana, na vijana watano wakaishia jela. Uingereza ilitunga sheria ya hifadhi za taifa na ya watu kufika mashambani mwaka 1949, na hifadhi ya kwanza kabisa, mwaka 1951, ikawa ni eneo lile lile lenye Kinder Scout. Anayesema haikingi ni starehe ya wakubwa wa Ulaya anawapa wakubwa hao sifa ya kitu walichokipinga kwa polisi na mahakama.

Hoja ya afya ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kupanda Lupanga na kushuka kunaimaliza hesabu hiyo kwa siku moja, ingawa mapaja yatakudai siku tatu. Tatizo ni kwamba kama kinachotafutwa ni dakika, mashine ya kukimbilia pale jimu inatosha, tena iko karibu na haina ruba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hutoa mawazo mapya zaidi wakitembea kuliko wakikaa, hata kama wanatembea juu ya mashine wakitazama ukuta mtupu. Mwaka uliofuata wengine wa chuo hicho hicho waliwachukua watu 38, baadhi wakatembea dakika 90 penye miti na nyasi, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea penye miti walipungukiwa na ile tabia ya kutafuna-tafuna mawazo mabaya juu ya nafsi zao. Wale wa barabarani hawakubadilika. Ukiziweka tafiti hizo pamoja unaona miguu ina kazi yake na mahali pana kazi yake. Watu 38 ni wachache na sitajenga ghorofa juu yao, lakini tafiti hizo zinatosha kuonyesha kwamba anayehesabu hatua kwenye saa ya mkononi anahesabu nusu tu ya kilichotokea. Anayesema haikingi ni dawa ya presha hajadanganya. Ni kama mtu anayesema faida ya kwenda kwa shangazi ni kwamba kwake utakula wali. Ndiyo, utakula.

Turudi basi kwa swali la bibi, maana jibu lake lipo na linaonekana kwa macho. Mkazi wa Dar es Salaam anayefungua bomba nyumbani kwake, mara nyingi anafungua mto Ruvu, na Ruvu unaanzia kwenye misitu ya Uluguru. Oktoba 2022 mgao wa maji ulipoingia jijini tulikaa tunasoma ratiba ya mtaa kwa mtaa na kuilaumu mamlaka ya maji. Wachache walijiuliza huko mto unakotoka kuna nini. Ukipanda kwa miguu swali hilo linakujia lenyewe, kwa sababu njia inakupitisha humo humo. Kwanza mihogo na mahindi, kisha migomba, kisha bustani za mboga na stroberi zilizong'ang'ania mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili, halafu ghafla msitu, baridi, ukungu, na maji yanachuruzika kwenye mizizi. Unauona mpaka kati ya shamba na msitu, na unaona ulivyo mwembamba. Unaona pia kwamba anayelima pale hana ugomvi na bomba lako. Hana tambarare pengine pa kwenda. Mwaka 1955 babu zake waliamriwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wakakataa, wakaandamana, risasi zikapigwa, mtu mmoja akauawa. Waluguru wamekuwa wakielekezwa namna ya kuishi kwenye milima yao kwa miaka mingi, aghalabu na watu walioishia pale barabara ya gari inapoishia.

Hapo ndipo mwendo wa miguu unapozidi njia nyingine zote za kuijua nchi. Mlima ukiwa mkali unakwenda kilomita mbili kwa saa, na hiyo ni kasi ya kusalimiana. Kijia kina upana wa futi moja. Huwezi kumpita mtu kama unavyompita aliyesimama kituoni ukiwa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Mmoja lazima ampishe mwenzake, na kwa adabu ya kila mlima nilioupanda, anayepishwa ni mwenye mzigo. Kwa nusu dakika hiyo mkurugenzi anasimama kwenye majani yenye umande, anahema, anamsubiri muuza kabichi apite. Tanzania ya leo sijui ni wapi pengine jambo hilo linatokea. Ndani ya kikundi nako vyeo vinalegea: kikundi chenye akili kinakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na aliye nyuma mara nyingi ndiye bosi. Nimewasikia watu waliofanya kazi ofisi moja kwa miaka mitano wakiulizana kwa mara ya kwanza, kwenye mteremko, kama wazazi wako hai.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja moja ambayo siwezi kuirusha kando. Mgeni ana masharti, na wengi wetu tunaingia mlimani kama wateja. Tunamlipa mratibu aliyetoka nasi Dar, tunakula pilau iliyopikwa Dar, tukaifungasha kwenye plastiki tuliyoinunua Dar. Kinachobaki kwa wenyeji ni mlio wa spika na zile plastiki. Kilimanjaro, ambako biashara hii ni kongwe na kubwa, inatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mtu mmoja anapanda na kikosi cha kumbebea, kumpikia na kumwongoza. Kanuni inasema mpagazi asizidishe kilo 20, na mabishano kuhusu mzigo, ujira na tipu ni ya miaka nenda rudi. Picha ya pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina mtu mmoja anayetabasamu. Aliyebeba hema lake alibaki chini kambini anachemsha maji, na huenda ameshafika mbali zaidi kwa miguu mwaka huo kuliko mteja wake atakavyofika maisha yake yote.

Pamoja na hilo kuna suala la tabaka. Nauli, kiingilio, mwongozaji, raba, na zaidi ya vyote Jumamosi iliyo huru: hizo ni mali, na dada wa kazi anayebaki nyumbani kufua nguo za mpandaji hana hata moja. Nakubali kila neno la hoja hii mpaka pale inapohitimisha kwamba basi tuache kupanda. Vijana wa Manchester hawakuhitimisha hivyo. Kuhusu kujionyesha, sina ugomvi mkubwa. Nyirenda naye alipanda ili aonekane. Anayekwenda kwa ajili ya picha mara nyingi anarudi na kitu cha ziada bila kukusudia, na asiporudi nacho, walau ametembea.

Hatari ipo pia, na wapenzi wa haikingi wana tabia ya kuificha chini ya mkeka. James Kagambi alikuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 62. Miaka miwili baadaye Cheruiyot Kirui, Mkenya mwenzake, alifia kwenye mlima huo huo akijaribu kupanda bila oksijeni ya mtungi. Uluguru si Everest, lakini mvua ya masika kwenye njia ya Lupanga haimjui mtu, na kikundi cha watu sitini chenye mwongozaji mmoja ni ajali inayosubiri tarehe.

Kama haikingi ni kutembelea, basi kuna mambo yanafuata ambayo hayafuati kama ni mazoezi tu. La kwanza liko kwenye msitu wa Karura. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, na wenzake walipigwa na walinzi nje ya msitu huo wakitaka kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imeanza kugawiwa kwa wajenzi. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, na kwa muda mrefu hata ulipookolewa watu waliuogopa kwa sababu ya majambazi. Leo umejaa watembeaji, wakimbiaji na watoto. Mpango wa kumega kipande cha Karura sasa utakutana na maelfu ya watu wanaokijua kipande hicho kwa mti na kwa kijito. Linganisha na Pugu na Kazimzumbwi, jirani kabisa na Dar es Salaam, ambako miti imekatwa kwa ajili ya mkaa miaka mingi na wakazi wengi wa jiji hawajui hata njia ya kufika. Ardhi isiyotembelewa haina wa kuipigia kelele.

La pili ni la kijijini, na ni la hesabu tu. Mwongozaji awe mtu wa pale, chakula kinunuliwe pale, na sehemu ya kiingilio ionekane kwenye zahanati au kwenye daraja la kijiji, si kwenye risiti peke yake. Bibi yule alikuwa anashusha ndizi mjini kilomita kadhaa, wakati juu kwake kulikuwa kunapanda watu ishirini wenye njaa. Hakuna mtu hapo aliyekuwa na ubaya. Hakuna tu aliyefikiria.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa, na sijasikia likizungumzwa. Mtu anashuka kutoka Lupanga, amegundua miguu yake inafanya kazi, anarudi Dar, anatoka nje ya stesheni na kukuta hakuna pa kupita. Mtaro uko wazi, njia ya waenda kwa miguu imekaliwa na bodaboda, kivuko kimechorwa mahali ambapo hakuna dereva anayesimama. Basi anaita gari kwa simu, na hadithi inaishia hapo. Wanaotembea kila siku mjini ni wengi kuliko wenye magari, lakini sauti yao ni ndogo kwa sababu kila mmoja anangoja siku atakayoacha kutembea. Sasa limezuka kundi la watu wenye kazi, wenye majina, wanaojua kuandika barua kwa halmashauri, na wanaosema hadharani kwamba wanapenda kutembea. Kundi hilo likiamua kwamba kutembea kunaanza mlangoni mwao Jumatatu, badala ya kungoja Morogoro Jumamosi, mama anayetoka Manzese alfajiri na ndoo ya samaki atapata washirika ambao hakuwahi kuwa nao. Likiamua kwamba mlima ni bidhaa kama nyingine, tutapata maduka mengi ya raba.

Alasiri ile tulipokuwa tunashuka tulikutana na bibi yule tena. Yeye sasa alikuwa anapanda, tenga jepesi: sukari, chumvi, mche wa sabuni. Sisi magoti yalikuwa yanatetemeka, na yeye ndiyo kwanza anauanza mlima. Tukampisha. Akatutambua.

"Mlima mliukuta?"

Tukasema tuliukuta.

"Haya. Siku nyingine mfike mpaka nyumbani."